Kwa nini yasmini ya nyumbani hukataa kuchanua?

Malalamiko ya watu waliopanda yasmini nyumbani yanafanana sana, awe mwenye bustani yuko Mombasa, Tanga, Unguja au Dar es Salaam. Mti ni mzima, majani yake yanang'aa, matawi yameshafika dirishani. Lakini maua hakuna. Au yapo matatu, manne, mahali ambapo miaka michache nyuma mtu aliweza kujaza sahani kila jioni.

Lawama hupewa udongo, au aina ya mche, au hata jicho la jirani. Mara nyingi sababu ni nyepesi zaidi, na ni mbili: mti haupati jua la kutosha, na mwenye mti anauonea huruma kuukata. Mengine yote, yaani mbolea, maji na wadudu, yana umuhimu wake, lakini hayawezi kuziba pengo la hayo mawili.

Na si suala la urembo wa bustani peke yake. Pwani, yasmini ni sehemu ya maisha ya jioni. Hutungwa koja, hutiwa kwenye nywele, hufungwa pamoja na rehani na mkadi kupata kikuba cha kuvaa kifuani, humwagwa kwenye kitanda cha bi harusi. Kwa mwanamke anayetunga vikuba vya kuuza msimu wa harusi na sikukuu, kichaka kisichochanua ni jioni isiyo na mauzo.

Kwanza hakikisha ni yasmini

Yasmini inayozungumzwa hapa ni ile ambayo wataalamu wa mimea huiita Jasminum sambac. Wengine huiita asumini. Majina yote mawili yanatokana na neno la Kiajemi lililopitia Kiarabu. Asili ya mti ni Asia ya Kusini, na ulifika kwetu kwa njia za bahari zilizounganisha pwani hii na India na Arabuni. Kusini mwa India huitwa malli, Waarabu wengi huliita ua lake ful, na nchini Ufilipino, ambako jina lake ni sampaguita, limekuwa ua la taifa tangu 1934.

Kuitambua si kazi. Jani lake ni moja moja, la mviringo wa yai, nene kidogo na lenye kung'aa, na majani hukaa mawili mawili yakitazamana, wakati mwingine matatu kwenye fundo moja. Mti wenyewe si mkubwa. Ni kichaka kinachotambaa, chenye matawi malegevu yanayoweza kufika mita 2 hadi 3 yakipata kitu cha kuegemea. Ua ni jeupe pepe na linapozeeka huingia rangi ya zambarau. Ipo aina yenye safu moja ya petali, ambayo katika biashara ya miche huitwa Maid of Orleans, na ipo yenye petali zilizobanana kama waridi dogo, Grand Duke of Tuscany. Ya pili ni nzuri kwa macho, lakini hukua taratibu na kichaka chake ni kigumu kidogo kukilea. Kwa anayeanza, na kwa anayetaka maua mengi ya kutunga, ile ya petali chache ndiyo yenye faida.

Tatizo ni kwamba katika vitalu neno yasmini hupewa kila kitu chenye ua jeupe na harufu. Jasminum polyanthum, yenye matumba ya rangi ya waridi na vijani vingi kwenye kikonyo kimoja, huhitaji usiku wa baridi ili ichanue. Huko Nairobi au Arusha inaweza kukupendeza. Ukiipeleka Malindi itakupa majani maisha yake yote. Upo pia mmea wa Cestrum nocturnum, ambao hunukia sana usiku na mara nyingi huuzwa kama yasmini ya usiku. Huo si yasmini hata kidogo. Ni wa ukoo wa nyanya na mnavu, na majani na matunda yake yana sumu. Penye watoto wadogo, ni vyema kuukwepa.

Pwani ina yasmini zake za porini pia, na katika baadhi ya sehemu yasmini ya mwituni huitwa afu. Mojawapo ya yasmini za asili ya Afrika ni Jasminum fluminense, yenye vijani vitatu vitatu. Jina lake la kisayansi lina kichekesho ndani yake: maana yake ni ya Rio de Janeiro, kwa kuwa aliyeipa jina aliikuta Brazil, ilhali huko ilikuwa mgeni aliyepelekwa kutoka Afrika.

Maua hutoka kwenye tawi jipya

Hili ndilo jambo moja ambalo ukilielewa, mengine yanafuata. Yasmini haitoi maua kwenye mti mkongwe. Matumba hutokea kwenye ncha za vichipukizi vipya, vile laini vya kijani. Tawi likishakuwa gumu na la rangi ya kahawia limemaliza kazi hiyo. Kuanzia hapo linabeba majani tu, na chipukizi jipya likitoka ndipo maua hupatikana tena.

Sasa fikiria kichaka ambacho hakijaguswa kwa miaka mitano. Matawi yamerefuka, yamesokotana, na vichipukizi vichache vinavyotoka viko juu kabisa vinapotafuta mwanga. Ndiyo maana mwenye nyumba haoni ua, huku jirani wa ghorofani akisema harufu inamfikia kila usiku.

Dawa yake ni kupogoa, na kupogoa kwelikweli. Kichaka kilichotelekezwa kinaweza kukatwa mpaka kimo cha goti, karibu sentimita 50 kutoka ardhini. Wakulima wa kusini mwa India wanaolima yasmini kwa biashara hufanya hivyo kila mwaka, na hao wanategemea maua kulipia ada za shule. Ondoa kwanza matawi makavu, kisha yale membamba yaliyojificha ndani, kisha yanayosuguana, halafu ndipo ufupishe yaliyobaki. Mkasi au kisu kiwe kikali na kisafi. Utakapomaliza, mti utaonekana kama umeadhibiwa. Uache hivyo hivyo.

Kwa pwani ya Kenya na Tanzania, wakati mzuri wa kukata hivi ni mwishoni mwa kipupwe, Agosti kuelekea Septemba. Katika miezi hiyo ya kusi mti huwa umepunguza maua wenyewe. Ukiukata wakati huo, vichipukizi hukutana na mvua za vuli, na maua hujipanga kwa ajili ya joto la kaskazi. Usitarajie maua wiki ijayo: kwa kawaida ni mwezi mmoja na nusu hadi miezi mitatu, kutegemea jua na afya ya mizizi.

Baada ya hapo kata kidogo kidogo. Kila wimbi la maua linapokwisha, punguza ncha za matawi yaliyochanua, kiasi cha theluthi moja. Kila ncha iliyokatwa hutoa vichipukizi viwili au zaidi, na kila kimoja kinaweza kubeba matumba. Hii ndiyo tofauti kati ya kichaka cha maua kumi na kichaka cha maua mia.

Kuna faida nyingine isiyosemwa sana. Utasikia watu wakisema harufu ya yasmini inaita nyoka, na wako waliong'oa mti kwa hofu hiyo. Nyoka hafuati manukato. Anachofuata ni panya na vyura, na hao hupenda kichaka kinene kilichogusa ardhi na kuhifadhi majani makavu chini yake. Kichaka kilichopogolewa, chenye shina linaloonekana na ardhi iliyofagiliwa, hakimpi mtu yeyote mahali pa kujificha.

Kivuli cha ukuta

Yasmini inataka jua la moja kwa moja, saa 6 kwa siku au zaidi. Chini ya hapo haifi, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Inaendelea kuishi, inarefuka, majani yanakuwa mapana na ya kijani cha giza, lakini maua yanapungua mwaka hadi mwaka.

Katika miji ya pwani hali hii imekuwa ya kawaida. Nyumba iliyokuwa na uani wazi sasa imezungukwa na ghorofa, ukuta wa jirani umepanda mita tatu, mwembe umetanda. Mti haujabadilika, ila jua limehama. Kabla ya kununua mbolea, kaa siku moja uangalie: jua linafika kwenye kichaka saa ngapi, na linaondoka saa ngapi? Likiwa chini ya saa 4, usipoteze fedha kwa mbolea. Toa vipande vya matawi uvipande mahali pengine, hata kama mahali hapo ni juu ya paa.

Jua la asubuhi ni zuri kuliko la alasiri pale ambapo lazima uchague, kwa sababu udongo haukauki haraka. Anayeishi nyanda za juu naye ana hesabu tofauti: yasmini hii ni ya joto, na Nairobi itakaa imenyauka roho miezi ya Juni na Julai. Ipande mbele ya ukuta unaopigwa na jua, maana ukuta hubaki na joto baada ya jua kuzama.

Udongo wa matumbawe na maji ya kisima

Unguja, Lamu na sehemu kubwa ya pwani zimekaa juu ya jiwe la matumbawe. Udongo wake una chokaa nyingi, na chokaa huifungia mizizi madini ya chuma. Dalili yake ni rahisi kuiona: majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Watu wengi wakiona manjano humwaga majivu, kwa kuwa majivu yamesifiwa kama mbolea. Kwenye udongo wa aina hii majivu yanaongeza tatizo, maana nayo huufanya udongo uwe wa chokaa zaidi. Kinachosaidia ni kuchimba shimo kubwa, angalau sentimita 45 kila upande, na kulijaza udongo mwekundu uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri au mboji. Funika juu kwa majani makavu ili unyevu usipotee.

Samadi iwe kwa kiasi. Mbolea yenye naitrojeni nyingi, kama kinyesi kibichi cha kuku au urea, huupa mti majani. Debe moja la samadi ya zamani baada ya kupogoa, na jingine mwanzoni mwa masika, linatosha kwa kichaka cha nyumbani.

Maji ya kisima cha pwani mara nyingi yana chumvi, na yasmini haiipendi. Kingo za majani zikiungua na kuwa kahawia kama zimepitishwa kwenye moto, fikiria chumvi kabla ya kufikiria ugonjwa. Kinga maji ya mvua kila unapoweza, na mvua ikinyesha vizuri itausafisha udongo yenyewe. Maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi hayana chumvi na yanafaa sana. Nyumba nyingi huyaacha yatiririke barabarani. Maji ya kufulia yenye sabuni ya unga yasikaribie shina.

Mwagilia kwa kina mara mbili au tatu kwa wiki wakati wa kiangazi, badala ya kunyunyiza kidogo kila siku. Mizizi iliyokaa kwenye matope huoza. Wiki moja au mbili kabla ya kupogoa punguza maji, mti upumzike.

Kwa asiye na ardhi

Mwenye kibaraza au paa lenye jua yuko katika hali nzuri kuliko mwenye bustani yenye kivuli. Chungu au ndoo yenye upana wa sentimita 30 au zaidi inatosha, mradi itobolewe matundu chini. Kwenye ndoo hutegemei udongo wa matumbawe. Unachagua mwenyewe cha kuweka. Kila miaka 2 hivi utoe mti, ukate sehemu ya mizizi iliyojizungusha, ubadilishe udongo na uurudishe.

Tahadhari ni moja: sahani ya chini ya chungu isihifadhi maji. Mbu wanaoeneza homa ya dengi huzaliana kwenye maji kidogo na masafi kama hayo, na Dar es Salaam imeshapata milipuko ya dengi 2014 na 2019. Mwaga maji hayo, au acha sahani kabisa.

Wadudu, kwa ufupi

Vidung'ata, wale wenye unga mweupe kama pamba, na inzi weupe ndio wageni wa mara kwa mara. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka kwenye shina, geuza majani utazame chini yake. Sisimizi huwalinda wadudu hao kwa ajili ya utamu wanaoutoa. Utitiri mwekundu huja wakati wa ukame na kuyafanya majani yawe na vidoadoa vya vumbi. Kwa wote hao, maji ya kasi kwenye majani asubuhi, kisha sabuni ya mche kidogo iliyoyeyushwa ndani ya maji, au mafuta ya mwarobaini, hutosha mara nyingi. Dawa kali za shambani zisitumike hapa. Ua hili linakwenda kwenye nywele, kifuani, na kwenye mto wa mtoto.

Kuchuma tumba, si ua

Yasmini hufunguka magharibi inapoingia na hunukia kwa nguvu zaidi usiku, kama yafanyavyo maua mengi meupe yanayowavuta nondo. Kesho yake mchana limekwisha. Ndiyo sababu mtungaji mzuri huchuma alasiri, akichagua matumba yaliyovimba na kuwa meupe kabisa lakini bado yamefumba. Tumba la kijani halitafunguka. Lililokwishafunguka halitafika usiku wa manane.

Tumba lililochumwa huendelea kuishi kwa saa kadhaa, hufunguka likiwa tayari kwenye uzi, na petali zake huendelea kutengeneza harufu. Wachina hutumia tabia hiyohiyo kutia manukato kwenye chai: huchanganya matumba na majani ya chai jioni, na maua hufungukia humo ndani usiku kucha. Nyumbani, yafunge matumba kwenye kitambaa chenye unyevu kidogo au jani la mgomba mpaka wakati wa kutunga.

Kuyachemsha ili kupata manukato ni kazi bure, kwani joto huiharibu harufu yake. Njia inayofaa ni mafuta ya nazi: tia matumba yaliyofutwa maji, yaache usiku mmoja, yatoe asubuhi na uweke mengine, siku saba au zaidi. Yakiachwa humo yakaoza, mafuta nayo huharibika.

Mti usioishi kwa mbegu

Jasminum sambac ni nadra sana kutoa mbegu. Karibu kila kichaka unachokiona kilitoka kwenye tawi la kichaka kingine, na hicho kwenye kingine, kurudi nyuma mkono kwa mkono mpaka kwa aliyeuleta mche wa kwanza. Maana yake ni kwamba uani unapowekwa saruji au nyumba ya zamani inapobomolewa, hakuna mbegu inayobaki ardhini kusubiri mvua. Kama hakuna jirani aliyepewa tawi, yasmini ya nyumba hiyo imekwisha.

Kwa hiyo siku ya kupogoa usitupe matawi. Chagua yale yaliyokomaa nusu, si laini ya ncha wala magumu ya kahawia, ukate vipande vya sentimita 15 hadi 20 vyenye mafundo matatu hivi. Ondoa majani ya chini, acha mawili ya juu, na kama ni mapana yakate nusu ili yasikauke. Zamisha fundo moja au mawili kwenye mchanganyiko wa mchanga na mboji, weka kivulini, funika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, na ufungue kila siku upepo uingie. Baada ya wiki 4 hadi 6 vuta kidogo. Kikikataa kutoka, kina mizizi.

Anayeogopa kukata anaweza kulaza. Inamisha tawi refu mpaka chini, kwaruza ganda chini ya fundo, lifukie kwa udongo na uweke jiwe juu. Tawi litakula kwa mama yake huku likijitengenezea mizizi, na baada ya miezi miwili au mitatu unalitenganisha.

Mche mpya ukae kivulini kwanza, kisha uzoezwe jua kwa siku chache kabla ya kupandwa mahali pake. Yasmini ina haraka. Hata mche wa majani sita unaweza kujaribu kuchanua. Matumba hayo ya kwanza yachume yakiwa bado ya kijani, nguvu ishuke kwenye mizizi. Kuanzia wimbi la pili, leta uzi na sindano.